Lumbesa: ukitaka kujua maadili ya mfanyabiashara, mwangalie anavyonunua

Kitunguu Maji (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Siku hizi kila kampuni ina karatasi ya maadili imebandikwa mapokezi. Uadilifu, uwazi, uwajibikaji, mteja kwanza. Sina ugomvi nayo. Ila mimi nashughulika na mazao, na kwenye mazao karatasi ile haikufikishi mbali, maana dhambi kubwa ya sekta yetu haifanyikii ofisini. Inafanyika shambani mchana kweupe, mtendaji wa kijiji akiwa amesimama pembeni, na jina lake linajulikana mpaka na watoto: lumbesa.

Kwa mliozaliwa mjini na mkakulia mjini: mnakubaliana bei ya gunia. Mkulima kichwani mwake ana gunia la kilo 100, kwa mahindi tuseme la debe sita. Bei ikishakubalika, wanashuka wafungashaji wa mnunuzi na magunia yao. Wanajaza, wanashindilia, wanaongeza kipande cha gunia jingine juu, wanakishona kwa kamba, kinatokea kilemba. Gunia ni lile lile na bei ni ile ile, ila mzigo si ule tena. Viazi vya Njombe hivyo hivyo, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na Mang'ola hivyo hivyo, na mkaa msiniulize.

Tupige hesabu ya mfano. Tuchukulie bei ni 60,000 kwa gunia, yaani 600 kwa kilo kama gunia lingekuwa halali. Mkulima anauza magunia 50, kila moja limebeba kilo 130. Ametoa kilo 6,500 na amelipwa kilo 5,000. Kilo 1,500 zimekwenda bure. Hiyo ni 900,000, na ni karibu robo ya mavuno yake. Mbolea alikopa, palizi alilipa, maji ya pampu alilipa. Robo imebaki kwenye vilemba.

Mzigo huo huo ukifika mjini, kipimo kinabadilika. Hakuna muuza genge anayekuuzia kwa lumbesa. Huko kuna kisado, kuna kopo lililopondwa kitako, kuna fungu lililopangwa likaonekana mlima kumbe katikati ni hewa. Yaani mlolongo mmoja una vipimo viwili, kikubwa cha kununulia na kidogo cha kuuzia. Sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, inawataja hasa watu wa namna hii: wakipimiwa wao wanataka kamili, wakiwapimia wengine wanapunguza. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Kwa hiyo asije mtu hapa kusema maadili ya biashara ni mambo ya Wazungu.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Wakala wa Vipimo wapo. Ukomo wa kilo 100 kwa gunia la mazao unajulikana. Kila msimu kiongozi fulani anasimama jukwaani anapiga marufuku lumbesa, wananchi wanapiga makofi, na kesho yake asubuhi magari yanapakia.

Sasa hoja yangu. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za biashara na haki za binadamu, zilizosimamiwa na Profesa John Ruggie. Zimesimama juu ya nguzo tatu: serikali ilinde watu, biashara iheshimu haki zao, na aliyeumizwa apate pa kudai. Kilichonigusa mimi ni kwamba nguzo ya pili haisubiri ya kwanza. Wajibu wa mfanyabiashara uko pale pale hata kama serikali imelala. Ule utetezi wetu wa siku zote, "mbona hawatukamati", haupo kwenye kanuni hizo.

Swali kwenu wanunuzi, madalali, wakulima: mtu akiamua msimu huu anunue kwa kilo, ataweza kubaki sokoni? Nataka majibu ya watu walioshika gunia. Mahubiri nimeshayatoa mimi.

---

Ngoja Nione

Nimekaa pembeni na kahawa yangu. Uzi utiririke.

---

Dalali Mstaafu

Mleta mada umeandika vizuri ila umemwonea dalali. Nimefanya kazi hii muda mrefu, ngoja nikuambie usichokisema.

Mkulima si mtoto. Anajua gunia litakuja na kilemba. Anajua tangu kwa baba yake. Kwa hiyo anapotaja bei, kilemba kishaingia kwenye hesabu zake. Gunia la debe sita angelitaja bei nyingine. Hapo nani kaibiwa? Mimi nanunua kitu kinachoitwa gunia, tumekubaliana, nimelipa taslimu pale pale shambani. Hakuna niliyemkopa, hakuna niliyemshikia panga.

Pili, vitunguu vinanyauka. Kutoka shambani mpaka Dar vinapungua uzito, vingine vinaoza njiani. Anayebeba hasara hiyo ni nani? Ni mimi. Kilemba ndiyo bima yangu.

---

Kitunguu Maji

Dalali Mstaafu, karibu sana, wewe ndiye niliyekuwa nakusubiri.

Kama kilemba kimo kwenye bei tayari, basi mizani haikupunguzii hata senti. Kilo 130 kwa 60,000 ni kama 460 kwa kilo. Sema hiyo 460 kwa mdomo wako, mpime, mlipe. Mbona mizani ikitolewa tu watu wanapandisha injini wanaondoka? Mtu hakimbii mizani inayosema kile kile alichokubali.

Tena kilemba hakina urefu unaojulikana. Bei inakubaliwa kwanza, gunia linashonwa baadaye, na anayeshona ni kijana wako. Mkulima amekubali bei ya kitu ambacho ukubwa wake utaamuliwa na wewe peke yako. Kwangu hayo si makubaliano.

Hasara ya kunyauka naikubali, ni ya kweli kabisa. Lakini hasara ina namba. Iweke mezani, ukate kwa asilimia mkulima akiona.

---

Makambako Njiapanda

Mimi ni mkulima wa viazi, nijibu hilo la "hakuna aliyeshikiwa panga".

Viazi vikishachimbwa havisubiri. Ghala sina, jirani hana, na kijiji kizima kimechimba wiki moja kwa sababu mvua ilinyesha wiki moja. Gari limekuja moja. Dalali anatembea shamba kwa shamba na anajua fulani ana ada ya mtoto, fulani anadaiwa na wa pembejeo. Ukikataa kilemba anakuambia "sawa mzee", anahamia kwa jirani yako, halafu wewe unabaki na kiazi kinageuka kijani. Panga linakuwaje tena zaidi ya hapo?

Wenzetu wa kahawa kule Kagera wanaijua butura, kuuza kahawa ikiwa bado maua juu ya mti kwa sababu nyumbani kuna shida. Kusini kwenye korosho kuna kangomba, kununua kwa bei ya kutupa nje ya mfumo rasmi. Majina tofauti, ila anayekuja kununua amekuja kwa sababu anajua una njaa.

---

Kabati la Hesabu

Naomba niingie kwa upande wa namba, maana nadhani mnajadili tabia za watu wakati kuna mfumo unaowalipa kwa tabia hiyo.

Angalia nani anatoza nini kwa gunia. Kuli wa kupakia analipwa kwa gunia. Lori, mara nyingi, kwa gunia. Kushusha sokoni, kwa gunia. Na ushuru wa mazao: sheria tangu 2017 inasema asilimia 2 ya thamani kwa mazao ya chakula na 3 kwa ya biashara, lakini pale getini, mashine ikiwa mkononi na foleni ndefu, kinachofanyika sehemu nyingi ni kuhesabu magunia na kuzidisha.

Sasa chukua zile kilo 6,500 za mleta mada. Kwa lumbesa ni magunia 50. Kihalali ni magunia 65. Mnunuzi mwaminifu analipa upakiaji mara 65, usafiri mara 65, ushushaji mara 65, ushuru mara 65. Mwenzake mwenye vilemba analipa mara 50 kila kituo. Yaani tumeweka mfumo ambao uaminifu unatozwa na ujanja unapewa punguzo, halafu tunashangaa watu wanachagua punguzo.

Na halmashauri inayolia mapato hayatoshi ndiyo hiyo hiyo inayoruhusu magunia 15 yapite bila kuhesabiwa kwenye kila 50. Wakitoza kwa kilo, kilemba kinapoteza nusu ya faida yake siku hiyo hiyo, bila mkutano wa hadhara wala mkuu wa wilaya kukasirika kwenye kamera.

---

Ngoja Nione

Kahawa imeisha, nimechemsha nyingine. Kabati umemaliza.

---

Mgongo wa Sokoni

Mnamsahau mtu mmoja. Gunia haliendi lenyewe kwenye lori.

Nimebeba pale sokoni tangu ujana. Gunia la viazi lenye kilemba linataka watu wawili wa kukutwika, halafu unatembea nalo peke yako kwenye ubao unaoyumba. Ukianguka, mzigo unauliziwa kabla yako. Bima hakuna, mkataba hakuna, na malipo ni kwa gunia, liwe jepesi liwe zito. Wenye umri wangu wengi hawainami tena kufunga viatu. Mnazungumza haki ya mkulima, sawa, lakini kilo 30 za kilemba mkulima anaziuza mara moja tu. Sisi tunazibeba kila siku.

---

Kitunguu Maji

Mgongo wa Sokoni, asante mzee wangu, hili nilipaswa nianze nalo kabla ya pesa.

Niongezee kitu. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilishatoa pendekezo mwaka 1967, namba 128, kwamba mzigo anaobeba mwanaume mtu mzima kwa mikono ukizidi kilo 55 hatua zichukuliwe haraka uteremshwe ufike hapo. Zingatieni, hata gunia letu HALALI la kilo 100 ni karibu mara mbili ya kipimo hicho. Kwa hiyo tunapopigania gunia la kilo 100 tunapigania haki ya mkulima tu. Mgongo wa kuli bado hatujaugusa.

---

Viazi Shangi

Wadau, salamu kutoka Nyandarua, Kenya. Huku kwetu hicho kilemba tunakiita mukorino, kwa vile gunia linaonekana kama limevaa kitambaa kichwani. Shida ni ile ile. Mabroka wanakuja na gunia wameshaunganisha mbili, wanajaza mpaka juu.

Kenya ilitunga kanuni za viazi mwaka 2019, gunia lisizidi kilo 50. Mimi mkulima nilifurahi, maana kilo 50 hata kijana wangu anabeba. Lakini kusema kweli utekelezaji unategemea kaunti. Kaunti moja ikikaza, broka anavuka anaingia ya jirani ananunua kwa mukorino, na nyinyi mliofuata sheria mnabaki na viazi. Wakulima wenyewe wanaanza kumlaumu afisa: "umetufukuzia wanunuzi." Wakikaza, wakaze pote siku moja.

Jambo jingine, kilo 50 bila mizani ni maneno tu. Watu walianza kuleta gunia dogo na kulijaza pomoni, broka akasema hiyo ndiyo hamsini. Nani atabisha na hakuna wa kupima?

---

Dalali Mstaafu

Nimesoma yote. Kwa mzee wa sokoni sina la kujibu, ni kweli tupu.

Ila mkulima naye tumfunue kidogo, maana uzi huu umemfanya malaika. Nimefungua tenga la nyanya: juu nyekundu kubwa kama ngumi, chini kijani na zilizopasuka. Vitunguu: katikati ya gunia wamejaza vidogo na vilivyoota. Kule Kanda ya Ziwa kwenye pamba, nani hajui watu wanaomwagia maji na kuchanganya mchanga ili uzito upande? Pamba hiyo ikifika kiwandani inaharibu mashine na inaharibu jina la nchi nzima sokoni. Nikikuta hivyo mara tatu nne, nitaacha kuweka kilemba kwa nini? Mimi nafidia vile vya katikati nisivyoviona.

---

Makambako Njiapanda

Hapo umesema kweli na sitabisha. Jirani zangu wanafanya. Lakini jiulize walijifunzia wapi. Mtu akijua utamchukulia debe moja na nusu bure, atahakikisha hilo debe na nusu ni takataka. Wewe unashona kilemba kwa sababu yangu, mimi naficha viazi vibovu kwa sababu yako. Na anayepika chipsi mjini analipia wote wawili.

---

Kabati la Hesabu

Ndiyo maana uzito peke yake hautoshi, lazima uje na daraja la ubora. Korosho ziliondoka huko tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika msimu wa 2007: mzigo unapimwa, unapewa daraja, unaingia ghalani, mnada unafanyika kwa kilo. Mfumo una lawama zake, malipo kuchelewa, makato mengi ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), wengine walishalia mpaka wakachoka. Lakini malalamiko yenyewe ni ya watu wanaojua kilo zao ni ngapi. Wa viazi hata cha kulalamikia hana, maana hajui alitoa kilo ngapi.

---

Duka la Kona

Mimi muuza rejareja, nitetee kopo. Tunanunua gunia kwa kukisia, tukifungua tunakuta limepungua au limeoza, faida inatoka wapi? Kopo tu. Mizani ya Wakala wa Vipimo ninayo, ina stika, ila mteja wangu hanunui robo kilo ya vitunguu, ananunua vitunguu vya mia tano. Ukimwambia gramu anakuona unamringia.

---

Kitunguu Maji

Duka la Kona, kuuza kwa fungu si kosa, mteja anaona vitunguu vyake vinne. Kosa ni kopo lililopondwa kitako. Hilo limetengenezwa makusudi ili jicho lidanganyike, na wewe unajua ulilipondea wapi.

Lakini umenisaidia. Ukifuata mlolongo wote, kila mmoja anajitetea kwa kosa la aliyemtangulia. Muuza kopo anafidia gunia, dalali anafidia vitunguu vibovu, mkulima anafidia kilemba. Mimi naona lazima aanze yule mwenye nguvu ya kuanza, na kwenye mazao huyo ni mnunuzi wa jumla. Yeye ndiye mwenye gari, mwenye pesa taslimu na mwenye magunia. Mkulima hawezi kukataa kilemba peke yake. Mnunuzi anaweza kutokushona.

Na hapa ndipo nawageukia wakubwa. Hoteli, migahawa, viwanda vya kusaga unga, supamaketi. Hawa ndio wenye karatasi za maadili mapokezini. Mmewahi kumuuliza msambazaji wenu viazi vile alivinunuaje? Ankara mnayolipa imeandikwa kilo, safi kabisa, ila zile kilo zilipatikana kwa lumbesa. Zile kanuni za 2011 zinasema wazi kwamba kampuni inahusika pia na madhara yanayotokea kwa wale inaofanya nao biashara, hata kama yenyewe haikuyasababisha. Swali la mstari mmoja kwenye mkataba lingetosha kuanzia: ulinunua kwa kipimo gani, na nionyeshe karatasi ya mizani.

---

Zabuni Hewa

Mkuu hao wakubwa kwanza wawalipe wasambazaji kwa wakati ndipo waulize maswali. Supamaketi za Kenya ni mfano: Uchumi ilifunga maduka yake Tanzania na Uganda Oktoba 2015, Nakumatt wadai wakapiga kura ifilisiwe Januari 2020, na kote huko wasambazaji waliachwa na madeni. Ukimkalia msambazaji miezi na hela yake, yeye anakwenda kumkamulia nani? Mkulima. Kilemba kingine kinashonwa kwenye idara ya uhasibu.

---

Kitunguu Maji

Hiyo ya mwisho naichukua kama ilivyo.

---

Gunia Hamsini

Nimechelewa lakini nijibu swali la msingi, kama mtu anayenunua kwa kilo anaweza kubaki sokoni. Mimi nanunua vitunguu kwa kilo, magunia ya nyavu, nikiwa na mizani ya kuning'iniza iliyohakikiwa.

Uzuri: mkulima ananipigia simu kabla hajang'oa. Napata chaguo la kwanza, na vitunguu vibovu havimo kwa sababu tunapanga pamoja kabla ya kupima. Hasara ya kuoza njiani imeshuka mno, maana kitunguu kilichoshindiliwa kwenye lumbesa kinachubuka na kupata joto. Dalali Mstaafu, ile bima yako ndiyo inayokuozeshea mzigo.

Ubaya: alichosema Kabati. Getini naadhibiwa. Nyavu zangu ndogo zinahesabiwa kila moja kama gunia zima, na kijana wa ushuru hataki kusikia habari za kilo. Msimu uliopita nilipeleka barua halmashauri kuomba watoze kwa uzito, nikaambiwa mashine yao imesetiwa kwa idadi. Kwa lori pia nilipata shida mpaka nikapata dereva anayekubali bei ya tani.

Faida ipo, ila ndogo kwa kila safari, na mtaji unazunguka haraka. Anayetaka utajiri wa msimu mmoja hii haimfai.

---

Dalali Mstaafu

Gunia Hamsini, swali la kazi sasa, tuache kutupiana. Hiyo mizani nani anainunua, wewe au mkulima? Maana ukija na yako, atasema umeichezea.

---

Gunia Hamsini

Mwanzoni ilikuwa yangu na kweli walisema nimeichezea. Tukafanya hivi: kikundi chao kikanunua ya kwao, na kabla ya kuanza tunapima mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, kwenye mizani zote mbili. Zikitofautiana hatununui siku hiyo. Ilitokea mara moja, ya kwao ndiyo ilikuwa imelegea spring, wakaipeleka kwa Wakala wa Vipimo.

---

Dalali Mstaafu

Saruji. Haya. Na unyaufu unakata asilimia ngapi?

---

Gunia Hamsini

Inategemea vimekaushwa siku ngapi baada ya kung'olewa. Nitumie ujumbe pembeni nikupe jedwali langu, ila usije na vijana wako wa kushona.